Mgeni kutoka Kilimia: kuchora kiumbe wa anga za mbali kwa kompyuta, na jinsi mchoro unavyobaki wako

Wavuvi wa Ngomeni wameyazoea majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini, kaskazini mwa Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco ikiwa imebeba setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339 vya miale hiyo.

Tunaanza na habari hii kwa sababu vijana wengi wanaojifunza kuchora kwa kompyuta, wakiambiwa wachore kiumbe wa anga, huleta yule yule wa filamu: ngozi ya kijani, kichwa kikubwa, macho meusi kama maembe mawili. Anafanana na wengine elfu. Mteja anayetafuta mchoro wa fulana, wa jalada la kitabu cha watoto au wa mchezo wa simu hana sababu ya kulipia kitu ambacho tayari kimejaa mtandaoni. Nasi watu wa Kilifi tuna anga yetu wenyewe ya kuanzia.

Makala haya yanaeleza hatua za kazi hiyo kwa kutumia programu za kuhariri picha. Yanaeleza pia jambo ambalo wachoraji wengi hulijua wakiwa wameshachelewa, nalo ni nani mwenye mchoro baada ya mteja kulipa.

Wazo kwanza, kompyuta baadaye

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Wazee wetu wanalijua kundi la nyota liitwalo Kilimia. Jina lenyewe linatokana na kulima, kwa kuwa wakulima walitazama kuchomoza na kuzama kwake ili kujua majira ya shamba. Mtu mwenye macho mazuri huhesabu nyota sita au saba zilizosongamana, ingawa kundi zima lina zaidi ya elfu moja. Liko mbali nasi kwa takriban miaka ya nuru 440. Nyota zake zinazong'aa ni changa kwa umri wa nyota, zina joto kali, na mwanga wao ni mweupe wenye buluu. Zimezungukwa na vumbi jembamba linaloakisi mwanga huo, na kwa hivyo picha za darubini huonyesha ukungu wa buluu kati ya nyota.

Sasa jiulize: kama kuna mkulima huko Kilimia, anafananaje? Analima nini, kwa mkono wa namna gani? Macho yake yamezoea mwanga mkali kiasi gani? Ukishajibu maswali matatu ya aina hiyo, nusu ya mchoro umeimaliza kabla hujagusa kompyuta. Mgeni wetu tumpe kope nene zinazofunika macho nusu, kwa sababu ya ule mwanga. Tumpe mikono minne mirefu yenye vikombe vya kunyonyea kama vya pweza. Ngozi yake iwe na mikunjo ya gome la mbuyu. Kila kitu hapo unaweza kukiona kwa macho yako kati ya soko la samaki na barabara ya kwenda nyumbani.

Chora kwa penseli kwenye karatasi. Fanya vichoro vidogo kumi, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, kisha uvijaze weusi mtupu ndani. Kile ambacho mtu mwingine anaweza kukitofautisha kwa umbo pekee, bila macho wala mapambo, ndicho cha kuendelea nacho. Mtihani huu haugharimu chochote, lakini wanafunzi wengi huuruka. Matokeo yake ni mchoro uliopambwa sana ambao kwa mbali unaonekana kama gunia.

Neno moja la tahadhari. Katika kutafuta sura ya kipwani, usikimbilie vigango. Zile nguzo za mbao zilizochongwa husimamishwa na Wamijikenda kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo kama mapambo, na baadhi vimerudishwa nchini baada ya miaka mingi ya kudaiwa. Familia ambayo kigango chake hakijarudi haitafurahi kuona umbo hilo kwenye mgongo wa fulana. Isitoshe, Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016, inayotaka jamii husika iombwe idhini kabla mtu hajatumia sanaa yake kibiashara. Chini ya sheria hiyo serikali za kaunti zina jukumu la kusajili na kuhifadhi maarifa hayo. Ikiwa kweli unataka kutumia alama ya jamii, anza na wazee wa Kaya, kisha ofisi ya utamaduni.

Programu zipo, na nyingine hazilipiwi

Photoshop ndiyo inayojulikana zaidi, lakini hulipiwa kila mwezi au kila mwaka, na nakala za wizi zinazogawanywa kwenye flashi mara nyingi huja na virusi. Kwa kazi hii huihitaji. GIMP na Krita ni programu huru, zinapakuliwa bure na kihalali, na zinafanya kazi kwenye kompyuta za kawaida. GIMP ni nzuri zaidi kwa kuhariri picha. Krita ilitengenezwa kwa wachoraji, na brashi zake ni tamu zaidi mkononi. Photopea hufunguka ndani ya kivinjari, kwa hivyo inamfaa anayetumia kompyuta ya saiba asiyoruhusiwa kuweka programu mpya. Kwa mwenye simu pekee kuna ibisPaint, na tumeona kazi safi sana zilizochorwa kwa kidole.

Kalamu ya kidijitali inasaidia, lakini isiwe sababu ya kungoja. Kwa kipanya unaweza kuchora mistari kwa kuweka nukta na kuikunja taratibu, badala ya kujaribu kuvuta mstari mzima kwa mkono mmoja.

Kabla ya yote, amua ukubwa wa turubai. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Picha ya kuchapishwa inahitaji nukta 300 kwa kila inchi, hivyo ukurasa wa A4 ni pikseli 2,480 kwa 3,508, na A3 ni 3,508 kwa 4,961. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi nasi alichora kiumbe mzuri kabisa kwenye turubai ya upana wa pikseli 1,000, kwa kuwa kwenye simu ilionekana imejaa. Akapata mteja aliyetaka bango la mita tatu. Pikseli 1,000 kwenye mita tatu ni kama nukta nane na nusu kwa inchi, na mgeni wa anga akatoka kama amefumwa kwa mkeka. Bango linalotazamwa kwa mbali halihitaji nukta 300, hata 72 zinatosha, lakini hizo nazo kwa mita tatu ni pikseli zaidi ya 8,000. Picha kubwa hupunguzwa bila shida, ilhali ndogo ukiikuza, programu inabidi ibuni pikseli ambazo hukuzichora. Kama kompyuta yako ina kumbukumbu ndogo, A4 ya nukta 300 ni mwanzo mzuri.

Matabaka

Piga picha ya mchoro wako wa penseli ukiwa karibu na dirisha, simu ikiwa juu yake moja kwa moja ili umbo lisipinde. Ifungue kwenye programu, uipunguze ukolezi hadi ibaki hafifu, kisha uongeze tabaka jipya juu yake. Tabaka, ambalo vijana huliita leya, ni kama karatasi ya nailoni iliyo wazi. Unachora juu yake na cha chini unakiona, lakini hukigusi.

Ukishika jambo hili moja umeshika programu yote. Mgeni wetu ana tabaka la mistari na, chini yake, tabaka la rangi za msingi: ngozi, nguo, jembe. Vivuli viko kwenye tabaka lao na mwanga kwenye lake. Ukungu na nyota viko chini kabisa. Mteja akisema ngozi ya kahawia haimfai, unabadilisha tabaka moja kwa dakika mbili. Aliyechora kila kitu kwenye tabaka moja atakesha. Yape matabaka majina; "tabaka 17" halitakwambia kitu baada ya wiki mbili.

Rangi za msingi ni kazi ya kujaza tu, haihitaji maelezo marefu. Funga mistari vizuri ili rangi isivuje.

Mwanga unatoka wapi?

Hapa ndipo mchoro wa anga unapotofautiana na mchoro wa mtu aliyesimama Mnarani saa sita mchana. Duniani, hata upande wa kivuli una mwangaza kidogo, kwa sababu hewa hutawanya mwanga wa jua na kuta na ardhi hurudisha nyingine. Mahali pasipo na hewa, kivuli ni cheusi na kingo zake ni kali kama zimekatwa kwa kisu. Tazama picha za wanaanga waliotua mwezini utaona. Amua basi: sayari ya mgeni wako ina hewa au haina? Jibu hilo linaamua vivuli vyako vyote.

Sisi tumesema yeye ni mkulima, kwa hivyo hewa ipo, lakini nyembamba. Nyota moja ya Kilimia iko juu kushoto, kwa hiyo bega la kushoto, kipaji cha uso na mgongo wa mikono miwili ya juu vinapata mwanga mweupe wenye buluu. Ongeza tabaka juu ya rangi za msingi, na katika orodha ya mitindo ya kuchanganya uchague ule ulioandikwa Multiply. Mtindo huu hufanya kila unachopaka kiongeze giza kwenye rangi iliyo chini bila kuifuta. Kwa kivuli usitumie nyeusi tupu. Tumia zambarau iliyokolea au buluu ya usiku, ngozi itabaki hai. Kisha tabaka jingine, mtindo wa Screen, unaofanya kinyume kwa kuongeza weupe. Hapo paka buluu hafifu upande wa nyota, kidogo kidogo, brashi ikiwa laini.

Mwanga wa pili ndio unaomtoa mgeni kwenye karatasi. Mpake ukingo mwembamba wa mwanga upande wa kulia, nyuma ya mkono na shavu, kana kwamba ule ukungu wa buluu unamulika kwa nyuma. Ukingo huo ukiwa mnene anaonekana kama amepakwa chokaa. Ukiwa mwembamba kama uzi, anasimama mbele ya anga yake.

Kwa ngozi, piga picha yako mwenyewe ya gome la mbuyu au ya ngozi ya pweza kabla hajaingia sufuriani. Iweke juu ya tabaka la ngozi, uikate ifuate umbo, uipunguze ukolezi hadi ionekane tu kama hisia ya mikunjo. Tunasisitiza picha yako mwenyewe. Picha uliyoikuta kwa kutafuta mtandaoni ina mwenyewe, hata kama jina lake halionekani, na ikishaingia ndani ya mchoro wako huwezi tena kusema mchoro wote ni wako.

Nyota za nyuma zisiwe za ukubwa mmoja wala zisipangwe kwa usawa. Anga halisi ina mahali palipojaa na mahali patupu. Weka Kilimia yenyewe kwenye kona, nyota sita au saba zilizosongamana, ili mtu wa hapa atambue bila kuambiwa.

Kuhifadhi, kutuma na kuchapisha

Hifadhi kazi kwa faili lenye matabaka: XCF kwa GIMP, KRA kwa Krita, PSD kwa Photoshop na Photopea. Hilo ndilo faili mama. Kutoka kwake unatoa nakala za PNG au JPEG za kutuma. JPEG hupunguza ubora kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, kwa hivyo isiwe nakala pekee uliyo nayo. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama picha, la sivyo itabanwa njiani.

Jambo jingine ambalo limewaletea wengi ugomvi na wenye maduka ya uchapishaji ni rangi. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine kwa wino wa rangi nne. Buluu inayong'aa, ndiyo hiyo hiyo ya Kilimia, ni kati ya rangi zinazofifia zaidi zikifika kwenye karatasi. Mwenye mashine hajakosea. Omba kwanza nakala moja ya majaribio, hata ndogo, kabla ya kulipia fulana mia.

Mchoro ni wa nani?

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, mchoro wa kompyuta ni kazi ya sanaa kama mchoro wa ukutani. Hakimiliki huanza pale unapouchora, mradi ni kazi yako mwenyewe, na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka uliofariki. Wazo tupu halilindwi. Mtu mwingine ana ruhusa ya kumchora mkulima wa Kilimia kwa namna yake. Hana ruhusa ya kunakili wako.

Kujisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, si sharti la kuwa na haki hiyo, lakini cheti ni ushahidi mkubwa ukifika mahakamani au hata ukiwa bado unabishana na mtu aliyeuza fulana zenye mchoro wako. Maombi hufanywa mtandaoni. Faili mama lenye matabaka yote, pamoja na vichoro vya penseli, ni ushahidi mwingine. Aliyekuibia atakuwa na picha bapa, hatakuwa na tabaka la mistari.

Sasa lile jambo ambalo wachoraji hulijua wakiwa wameshachelewa. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo kinasema kuwa kazi iliyoagizwa na mteja, au iliyofanywa na mwajiriwa akiwa kazini, hakimiliki yake huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba ukiagizwa uchore kiumbe kwa shilingi elfu tatu, na hamkuandikiana chochote, mteja anaweza kumtumia kiumbe huyo kwenye vitabu, katuni na vinyago kwa miaka mingi bila kukuongezea senti, nawe usiweze kumchora tena kwa kuuza. Wengi hudhani mambo ni kinyume, yaani kwamba mchoraji hubaki na haki hadi atie sahihi kuiachia. Kwa kazi iliyoagizwa, kukaa kimya kunamfaidi mteja.

Si lazima iwe hivyo, maana sheria yenyewe imeacha mlango wa makubaliano. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha kwa kazi nyingi ndogo. Iandikwe kwa lugha mnayoielewa wote, mathalani: "Hakimiliki ya mchoro huu inabaki kwa mchoraji. Mteja anaruhusiwa kuuchapisha kwenye fulana zisizozidi 200 ndani ya mwaka mmoja. Matumizi mengine yatajadiliwa upya." Iandikwe pia kama mteja atapewa faili mama au nakala ya PNG pekee. Kwa maoni yetu, faili mama lisitolewe kwa bei ya nakala, kwa kuwa mwenye nalo anaweza kumvua mgeni wako nguo, kumvika nyingine na kumtumia popote. Na ikiwa mteja anataka kila kitu, haki na faili, hilo si kosa. Ni bidhaa nyingine, na bei yake ni nyingine. Fanyeni mazungumzo hayo kabla brashi haijagusa turubai.

Kama mchoro ulioufanya mwenyewe bila kuagizwa umependwa na mtu, kifungu hicho hakikugusi. Haki ni yako, na ukitaka kuiuza, mauzo yawe kwa maandishi. Kwa sababu hiyo inafaa kuwa na viumbe wako kadhaa tayari kwenye kompyuta kabla ya kuanza kutafuta kazi.

Asiye na kompyuta aulize katika kituo cha mafunzo ya ufundi cha kaunti kilicho karibu, au katika vituo vya Ajira vilivyo kwenye maeneobunge, saa ambazo mashine huwa wazi. Uende na vichoro vyako vya penseli na flashi mbili: moja ya kufanyia kazi, ya pili ya kuweka nakala ya faili mama, ambayo hutaiazima mtu.